Bamama Batatu, Simu Moja

Zaina mwanangu,

Nakusalimu kwanza, ingawa tumesalimiana asubuhi na tutasalimiana tena jioni ukirudi kutoka kuaga rafiki zako. Barua isiyo na salamu mama yako angenirudishia niiandike upya. Alasiri nimekwisha kuswali, umeme upo, nyumba imenyamaza, na sanduku lako limesimama kwenye korido kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Leo nimelipita mara nyingi nikijifanya silioni.

Sitakuandikia habari ya pasipoti, wala sweta, wala nani atakupokea Dar es Salaam. Hayo nimekupigia kelele mpaka umeziba masikio. Njia ile mimi naijua, nimeipita miaka na miaka nikiwa na lori, Kasumbalesa mpaka Tunduma mpaka pwani, nikilala chini ya gari na mbu. Wewe unaipita kwa bisi, umekaa, unakula ndizi. Utafika. Watakucheka ukisema "batoto" na "bintu", nawe cheka nao, halafu endelea kusema hivyo hivyo. Ninachotaka kuandika ni habari ya kile ulichoniachia juu ya meza jana.

Ulinifungulia kompyuta, kurasa mbili, moja huku moja huku, ukaniambia: "Tata, ni hizi mbili. Chagula moja. Mi nishachoka kukuchagulia." Nikacheka. Wewe hukucheka. Ukasema: "Kama hauchague mbele ya kesho, mi siende. Nitabakia tena."

Najua hufanyi mchezo, maana umeshawahi kubaki mara moja. Wale wa kazi yako mpya huko Dar walikubali kukungoja mara ile, na wamesema wazi kwamba mara ya pili hakuna. Kwa hiyo jambo lenyewe ni hili: nisipochagua kampuni itakayokuwa nyumba mpya ya tovuti yetu ya majirani, binti yangu anapoteza kazi yake. Ehe! Na mtu wa kuchagua ni mimi, niliyechagua vibaya mara ya kwanza.

Ngoja niseme tangu mwanzo, hata yale unayoyajua. Nikiyasimulia kwa mdomo huwa najipendelea, wewe mwenyewe umeniambia.

Ulizaliwa Kasulo, ukakulia kwenye avenyu, mtaa ambao leo haupo. Uliona sebule yetu ikitobolewa ukadhani baba anachimba choo ndani ya nyumba, ukaenda kuwatangazia watoto wenzako. Kila mtu alichimba. Nani angekaa kimya juu ya kitanda huku jirani anatoa kobalti chini ya jiko lake? Karatasi ya parsele, yaani kiwanja chetu, ilikuwa yangu, ina mhuri, ina sahihi, nimeikunja vizuri ndani ya sanduku la bati. Kumbe karatasi ile ilikuwa ya juu tu; cha chini kilikuwa na wenyewe. Kuta zikapasuka, mashimo yakakutana huko chini kabla sisi wa juu hatujakutana na kuongea, na siku ya kuambiwa tuhame ikafika. Sisi tukabaki mjini. Wengine wakaenda Mutoshi, wengine Likasi. Tata Muteba, fundi cherehani wa pale kwenye kona, akarudi kwao Musumba, ambako ukitaka rezo ya simu unapanda juu ya kichuguu.

Nyumba haikuniuma sana. Kilichoniuma ni majirani. Unaanza upya na watu wasiojua kwamba mtoto wako anaogopa radi.

Na mama yako ndiye aliyeumia kuliko wote, kwa sababu ya Mama Ngalula, jirani yetu wa pembeni. Ua mmoja tu kati yetu, na ule ua ulikuwa na tundu ambalo mimi nililiziba na wao wakalizibua. Kupitia pale walipeana chumvi, makaa ya moto, watoto wachanga. Sisi Waislamu wa asili ya Kasongo, wao Baluba wa Kasai ambao babu yao aliletwa kufanya kazi ya mgodi, hakuna aliyejali. Idi walikula kwetu, Noeli tulikula kwao, nguruwe tu ndiye aliyebaki upande wao wa ua.

Ndipo tukaunda lile kundi kwenye simu, la watu wote wa avenyu. Aka! Lile lilikuwa soko. Unaandika kwamba fulani amefariki, kabla watu hawajasoma zimeingia picha za harusi, sala za kutumiana, mtu anauza betri ya pikipiki, mwingine anamtukana mkwewe akidhani anamwandikia dada yake. Wewe ukaja na wazo la tovuti ya kwetu wenyewe, ya kulipia, isiyo na matangazo ya watu wengine. Ukurasa wa habari za kilio na furaha. Ukurasa wa picha. Na ule ukurasa wa sauti, ambako wazee wanaitaja avenyu nyumba kwa nyumba ili watoto wajue walitoka wapi. Mama yako ndiye alikuwa wa kwanza kurekodi. Alianzia kwenye robine ya maji akashuka mpaka kona ya Tata Muteba, na kila nyumba aliisemea neno.

Mimi nilikuwa presida wa kundi, kwa hiyo uchaguzi ulikuwa wangu. Wakati ule pia uliniletea kampuni mbili za kujengea tovuti, ukanieleza moja moja kwa upole, na neno moja ukalirudia: "Tata, jaribu na simu ya Mama Ngalula. Hapana ya kwako."

Sikujaribu. Nilikwenda kukaa mjini, pale rezo inapokimbia, na simu yangu kubwa ile niliyoinunua kwa kiburi, nikaagiza soda. Ile kampuni ya kwanza ilikuwa na rangi, ilikuwa na picha zinazotembea, na kwa presida iliweka taji dogo la njano pembeni ya jina. Haki ya Mungu, taji lile lilinimaliza. Nililiangalia mpaka soda ikapata moto. Nikakuambia, "Ni hii, usinisumbue," na wiki ile ile nikatangaza kwamba kuanzia sasa kila habari itapita kwenye tovuti, kundi la simu limefungwa. Watu wakapiga makofi. Wewe hukupiga, nilikuona.

Halafu mama yako akatutoka.

Unajua ilivyokuwa, alfajiri akaenda, na baada ya adhuhuri tulikuwa tumekwisha kumzika. Sisi maiti hatumlazi. Kwa kina Mama Ngalula maiti anangojewa, ndugu wanatoka mbali, kilio kinakaa siku kadhaa, hata mwenye kuchelewa anakuta moto bado unawaka. Kwetu una asubuhi tu. Na asubuhi ile nilifanya nini? Nilikaa kwenye kile kiti cha jikoni nikaandika tangazo, kwa kidole kimoja, chini ya taji langu la njano, nikabonyeza. Sikumtuma mtu na pikipiki. Sikupiga simu. Nilidhani nimekwisha kuiambia avenyu nzima.

Watu walikuja. Wa Likasi walifika tukitoka makaburini, Mungu awalipe. Mama Ngalula hakuja. Niliangalia lango siku ile, nikaangalia kesho yake. Nikasema sawa. Mtu aliyekula sahani moja na mke wangu anashindwa kutoka Mutoshi, hapo tu? Sawa. Nikakataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba hii, na nilipomwona sokoni nikampa mgongo, nikajitia naulizia bei ya vitunguu. Vitunguu! Mimi ambaye sijui hata kilo inauzwaje.

Nilikuwa na huzuni, Zaina, na hasira ni rahisi kubeba kuliko huzuni. Mama Ngalula nilimfanya gunia la kuwekea hasira.

Ni wewe uliyeuliza. Uliangalia ndani ya tovuti ukakuta Mama Ngalula hajaingia tangu kabla ya msiba, ukawaandikia wenye kampuni, wakakujibu baada ya siku nyingi, kwa kizungu, kwa adabu. Ulinitafsiria umesimama mlangoni. Majina matatu yalikuwa yanaingia kutoka simu moja, wakaona ni utapeli, wakayafungia yote matatu. Mama Ngalula, mkwe wake, na yule jirani wa parsele yao. Bamama batatu, simu moja. Aliyeitengeneza kampuni ile anakaa mahali ambapo kila mtu ana simu yake mfukoni. Hakuwaza kwamba simu inaweza kupita mkono kwa mkono kama kisu cha jikoni. Yeye simlaumu. Lakini mimi simu ile naijua! Nimekunywa chai pembeni yake, nimeiona imefungwa mpira ili betri isidondoke.

Ulinisukuma mpaka Mutoshi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Mama Ngalula alikuwa anapepeta unga, hakuinuka. Akasema: "Tata Zaina, dada yangu unamuzika bila mi. Mi nilisikiaka ku soko, mu kinywa ya mwenye kuuzisha samaki. Mi nilikukosea nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya simu, habari ya kampuni, habari ya majina matatu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza: "Na miguu yako ilikuwa wapi?"

Nililia mbele ya mwanamke wa watu nikiwa nimeshika kofia, na yeye akalia, na mkwe wake akaondoa ungo kimya kimya. Baadaye akapika bukari, ule ugali wetu, na mboga ya lengalenga akanilazimisha kula, akaniambia, "Kula, bubu wee." Kutoka kwake lile lilikuwa tusi la upendo.

Basi tukaamua kuhama kampuni ile. Na hapo ndipo nilipoona kuingia ni kitu kimoja na kutoka ni kingine. Kuingia kulikuwa kubonyeza mara moja. Kutoka, wakaturudishia majina ya watu na picha, sauti hapana. Sauti ulizitoa wewe moja moja, mchana na jioni, umevaa vile vidude masikioni. Ndiyo ile mara ya kwanza uliyoacha safari. Nilikuwa napita hapo nakuta machozi yanakutoka na mkono unaendelea kubonyeza, nikajua umefika kwa mama yako. Na tovuti yenyewe iliandikwa kwa jina lako, inalipiwa kwa kadi yako ya benki, mlezi wake wewe. Avenyu nzima tulikubebesha shingoni, na wewe hukulalamika hata mara moja.

Sasa nitakuambia neno ambalo usiponisamehe leo utanisamehe ukifika Morogoro. Ulipobaki mara ile, nilifurahi. Nilijikaza uso nikasema pole, pole sana, lakini usiku ule nilikula vizuri. Na hizi wiki zote unaniwekea kurasa mbili mezani na mimi nakuambia bado natafakari, bado sijaelewa, macho yananiuma, si kweli. Nilielewa siku ya kwanza. Ila niliona kwamba nisipochagua, huondoki. Mwanangu, mimi naogopa nyumba hii bila wewe. Naogopa jioni zake. Basi, nimelisema.

Jana uliposema hutaenda, nilitazama uso wako nikaona unasema kweli, na kwamba wewe pia utafurahi kidogo kubaki. Hilo ndilo lililonitisha.

Kwa hiyo leo ulipotoka asubuhi sikwenda msikitini kukaa na wazee kama nilivyokudanganya. Nilichukua pikipiki mpaka Mutoshi. Nilikaa na bamama batatu na simu yao moja yenye mpira, na mega za intaneti nilizowanunulia, tukajaribu kampuni zako zote mbili, maana kila moja inaruhusu siku chache za kuonja. Ile ya kwanza, nzuri kweli, ilizunguka na kuzunguka mpaka chai ikapoa. Ilipofunguka, mkwe wa Mama Ngalula akaingia. Jirani alipotaka kuingia ikamdai barua pepe yake. Jirani akaniangalia: "Barua gani? Mi nilishakuya, niko hapa, inaniona!" Tukacheka mpaka kuku wakakimbia.

Ya pili ni kavu, haina urembo, kama ukuta ambao haujapakwa rangi. Lakini ilifunguka. Wakaingia wote watatu, mmoja akitoka mwingine anaingia, kila mtu kwa jina lake, hakuna aliyefungiwa. Mama Ngalula alichagua neno lake la siri, akalitamka kwa sauti kubwa, parsele nzima sasa inalijua. Hilo tutalirekebisha.

Halafu nikafanya kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Nikaiweka sauti ya mama yako mle ndani, katika zote mbili, na papo hapo nikaziambia: nahama, nipe vitu vyangu. Ya kwanza ikanirudishia orodha ya majina. Ya pili ikanirudishia kila kitu. Nikabonyeza ile sauti nisiamini, na mama yako akaanza pale kwenye robine, kwenye ile simu mbovu, katikati ya kuku. Nyumba ya kwanza, nyumba ya pili. Akafika kwetu, akasema, "Hapa ni kwangu." Akavuta pumzi, halafu: "Na hapa ni kwa Mama Ngalula, mwenye kucheka siku yote na midomo wazi." Mama Ngalula akashika mdomo kwa mikono miwili. Akasema, "Njo yee. Njo yee kabisa." Ndiye mwenyewe, kweli. Hatukuzima mpaka kona ya Tata Muteba.

Nimechagua ile ya pili, Zaina. Imekwisha. Nimeiandika kwa jina la kundi, na kundi lenyewe litalipa kutoka akaunti yake. Niliwapigia viongozi simu nikiwa bado Mutoshi, wakakubali. Funguo za ulezi ziko kwa watu watatu: mimi, Mama Ngalula kwa mkono wa mkwe wake, na Tata Muteba, ambaye alinijibu kutoka juu ya kichuguu chake kwamba sasa atajenga ngazi.

Jina lako kwenye walezi nimelitoa. Usiku ukijaribu kuingia kama mlezi itakukatalia, usije kuniamsha, haijaharibika. Umebaki humo kama mtoto yeyote wa avenyu ile. Picha zako zipo. Taji hakuna mwenye nalo, hawa hawatoi mataji, na nimeona bora.

Huko uendako utachagua vitu vingi bila mimi kupiga kelele pembeni: nyumba ya kupanga, kazi nyingine, marafiki, pengine mwanaume, na hilo nalisema haraka nipite. Sina la kukufundisha, wewe ndiye uliyeniambia nisijaribu kwa simu yangu. Ila siku ukiona kitu kinakuvalisha taji, mkumbuke baba yako na soda yake iliyopata moto.

Jua linashuka, utarudi sasa hivi, nikusikie unavua viatu mlangoni. Namalizia.

Tangazo la kwanza kwenye nyumba mpya nimekwisha kuliandika, kwa kidole kile kile. Si la kilio. Linasema: Zaina wetu anasafiri kesho asubuhi, bisi inaondokea pale karibu na soko kubwa, mwenye nafasi aje kumsindikiza. Nimelibonyeza nikiwa bado Mutoshi, na kabla sijaondoka nikaingia uani kwa miguu yangu, nikalisema kwa mdomo pia.

Niliporudi hapa nikafungua nikaangalia. Jibu la kwanza: "Tunakuya." La pili, jina lingine: "Na mi nakuya." La tatu, la Mama Ngalula, ni sauti, siyo maandishi, anacheka na midomo wazi.

Basi kesho ukiwaona wamesimama pale watatu na simu yao moja, usidhani ni bahati. Safari hii wameambiwa.

Tata yako